Konda Akishahesabu

Kila nikitoka majini, mwanaume mmoja hunigusa bega kwa kidole na kutamka namba. "Nne." Halafu anamgeukia anayenifuata. "Tano." Huyo ni Konda. Alining'inia mlangoni mwa daladala za Mbagala kwa miaka kumi na moja, na ingawa sasa anauza spea za magari pale Gerezani, mkono wake haujasahau kazi ya zamani. Hawezi kuona watu wamekusanyika asiwahesabu. Msibani anahesabu, harusini anahesabu. Siku tulipomkaribisha kwenye kikundi, mwaka 2019, hakujua hata kuelea. Alisimama ukingoni, suruali kaikunja magotini, akatuhesabu tulipoingia na akatuhesabu tulipotoka, wala hakuna aliyemwomba. Tulimcheka sana. Ilinichukua miaka minne kugundua kwamba asubuhi ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kazi.

Tuko sita. Mwalimu anafundisha shule ya msingi, mzaliwa wa Njombe. Mpemba ni fundi friji. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote kati yetu, ila ana miaka sitini na moja na sauti ambayo ukiisikia huwezi kumwita kwa jina lake. Bibi Harusi ana watoto wawili na ndoa ya siku nyingi, lakini siku ya kwanza alikuja na hina mbichi mikononi, harusi ikiwa Jumamosi ile ile, na jina likamganda. Konda mmeshamjua. Na mimi ninashika hesabu za ofisi moja mjini, kwa hiyo wananiita Risiti.

Tunaogelea Coco Beach, alfajiri, kabla wauza muhogo hawajawasha majiko. Watu wakisikia hivyo huuliza vitu viwili: hamuogopi, na hamsikii baridi? La kwanza nitalifikia. Kuhusu baridi, najua msomaji wa Njombe au Makete ameshaanza kutabasamu. Baridi ya Dar! Julai alfajiri hewa inashuka hadi nyuzi 19 au 20, madereva wa boda wanavaa makoti mazito na kofia za kuziba masikio, na mji mzima unakohoa. Lakini bahari wakati huo iko kwenye nyuzi 25 au 26. Yaani maji yana joto kuliko hewa. Ukiingiza mguu unahisi kama umeutumbukiza kwenye chai iliyosahaulika mezani. Kinachouma ni pale maji yanapofika kitovuni na upepo wa kusi unakupiga mgongo ulioloa. Hapo kila mtu ana sauti yake. Mwalimu, aliyeoga maji ya mtoni utoto wake wote huko kwao, hupita kimya kama anavuka barabara. Mpemba, aliyejifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma, anasimama kitovuni dakika tano nzima akilalamika, mikono kaikunja kwapani. Basi ndivyo tulivyo: mmoja haogopi baridi lakini mwanzoni aliogopa maji, mwingine haogopi maji lakini baridi inamliza.

Ratiba yetu haijui Jumatatu wala Jumamosi. Inafuata mwezi. Mpemba hutuma ujumbe usiku, maneno matatu tu: "Leo mwezi ngapi?" Haulizi Julai au Agosti, anauliza mwezi wa angani una siku ngapi, na asiyejua jibu hapaswi kuja. Mwezi ukiwa mchanga kabisa au ukipevuka ndipo panapokuwa na bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Kwa hapa kwetu bamvua hujaa kwenye saa kumi alfajiri na kupwa kwenye saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika hamsini. Kwa hiyo ukitaka bahari iliyojaa na kutulia saa kumi na mbili asubuhi, ngoja siku mbili tatu baada ya bamvua. Mwezi kumi na saba, mwezi kumi na nane, hapo ndipo. Ikifika mwezi ishirini na mbili ni maji mafu, hayajai wala hayapwi kwa maana yoyote, na alfajiri unakuta miamba imetoa vichwa nje. Mimi mtoto wa Magomeni nilikuwa nikidhani bahari ni kama bomba, ipo tu ukiifungua. Nilikuwa nimeishi kilomita chache kutoka pwani miaka thelathini na tatu bila kujua kwamba maji yana saa zake.

Tena sikujua kuogelea. Katika mtaa wetu bahari ilikuwa kitu cha kwenda kuangalia siku ya Idd na kurudi na mchanga kwenye viatu. Mama alikuwa na sentensi moja: "Maji hayana rafiki." Kilichonibadilisha ni Julai 18, 2012. Boti ya MV Skagit ilitoka hapa Dar kwenda Zanzibar, kusi limechafuka, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Wiki hiyo hiyo mimi nilikuwa nimepanga kwenda Unguja kwa kazi, nikaahirisha kwa sababu ya kijinga kabisa, ripoti iliyokuwa haijapigwa muhuri. Nilikaa mbele ya televisheni nikawaza jambo moja: ningekuwa mle ndani nisingejua hata pa kuanzia. Si kuogelea hadi nchi kavu. Kuelea tu, kusubiri.

Mwaka uliofuata nikaanza kujifunza kwenye bwawa la hoteli, nalipia kwa saa, katikati ya watoto wa darasa la pili waliokuwa wanapita chini yangu kama samaki. Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Kuelea kulinichukua wiki sita. Mwalimu wa bwawa aliniambia shingo yangu inafanya kazi ya ulinzi: nikilala chali, badala ya kuachia kichwa maji yakibebe, nakiinua nione nani anakuja, na kichwa kikiinuka miguu inazama. Hilo la shingo nalikumbuka kuliko mitindo yote ya kupiga mikono niliyofundishwa baadaye.

Mpemba naye ana tarehe yake. Yake ni Septemba 2011, MV Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Hajawahi kutusimulia na hatujawahi kumuuliza. Ila ndiye aliyesema, siku tulipokuwa watatu tu na hatuna jina wala ratiba, kwamba hataogelea na mtu asiyejua kulala chali. Hivyo kila mgeni wetu anaanzia hapo, maji ya kiunoni, mikono ya Mpemba chini ya mgongo wake kama mtu anayebeba tray ya mayai.

Sasa nije kwenye baridi ya kweli, maana bila hiyo kosa langu halieleweki.

Mwishoni mwa mwaka 2022 ofisi ilinipeleka Edinburgh, Uskoti, kozi ya miezi mitatu. Mama mwenye nyumba nilikopanga alikuwa anaogelea baharini mwaka mzima na wenzake, ufukwe unaitwa Portobello. Jumapili moja ya Novemba nikaenda naye, kwa udadisi na kwa sababu nilikuwa nimejisifu mezani kwamba kwetu naogelea bahari kubwa. Nikawakuta wanawake kama kumi hivi, wengine wazee kuliko Shangazi, wamevaa nguo za kuogelea huku kichwani wana kofia za sufu zenye vishungi, kama watu waliovaa wakiwa hawajaamua wanaenda wapi. Mmoja alikuwa na kipimajoto kimefungwa kwenye uzi. Kilisoma 9.

Niliingia kwa haraka ili nimalize. Maji yalipofika kifuani, kifua kikajifunga. Nikavuta pumzi ambayo sikuiagiza, ikaja nyingine juu yake, na nyingine, kutoa nikashindwa. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, maji hayafiki hata shingoni, na bado mwili ulikuwa na hakika kwamba nakufa. Mama mwenye nyumba akanishika kiwiko. "Toa," akasema. "Usivute. Toa, kama unapuliza chai." Nikapuliza. Baada ya kama dakika moja na nusu ile pepo ikashuka yenyewe.

Baadaye nilisoma kuhusu jambo hilo. Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Mike Tipton, ambaye amelichunguza kwa miongo mingi. Ngozi ikipoa ghafla, mwili hukurupuka na kuvuta pumzi bila kukuuliza, na moyo hukimbia. Kichwa kikiwa chini ya maji sekunde ile, unavuta maji. Wengi wanaokufa kwenye maji ya baridi hawafi kwa kuganda kama tunavyodhani, wanakufa dakika za mwanzo kabisa, hata wanaojua kuogelea. Ukivumilia dakika mbili tatu bila kuhangaika, hali inatulia. Ndiyo maana shirika la waokoaji wa baharini la Uingereza, RNLI, linawaambia watu kwamba wakianguka majini wasianze kupiga mikono, walale chali waelee kwanza. Niliposoma hivyo nikacheka peke yangu chumbani. Mpemba hajafika Portsmouth, lakini somo lake la kwanza ni hilo hilo.

Jambo la pili la Portobello nililiona lakini sikulishika. Mwenye kipimajoto alikuwa pia na saa. Ilipofika dakika ya sita akapiga kelele, na wote wakatoka. Wote. Yule aliyekuwa anafurahia kuliko wengine, mikono imemkolea wekundu kama kamba aliyechemshwa, aligeuka katikati ya sentensi akatoka. Hakuna aliyesema "kidogo tu." Wakavaa haraka haraka bila aibu, kwa sababu mwili unaendelea kupoa hata ukishatoka, dakika kumi baadaye, nimevaa sweta mbili, nilitetemeka mpaka nusu ya chai ikaishia kwenye viatu. Niliendelea kwenda nao kila Jumapili, na kweli mwili ulizoea, kufikia mara ya sita pumzi haikunitoroka tena.

Nilirudi Dar na kiburi. Niseme ukweli, niliiacha saa kule kule nikaja na ushujaa peke yake. Kila Mpemba alipolalamika kitovuni nilikuwa na hadithi ya nyuzi 9. Konda akisema muda umeisha, nilikuwa na hadithi. Wenzangu walinivumilia kama mnavyomvumilia mtu aliyetoka hija jana.

Mwanzoni mwa Agosti 2023. Mwezi kumi na nne. Kwa hesabu zetu ilikuwa si siku ya kuogelea, bamvua limejaa usiku, asubuhi maji yanakimbia kurudi. Lakini mimi nilikuwa na safari ya kikazi Dodoma kwa siku kumi, nikawaandikia usiku: "Twendeni kesho, tushuke mapema tutoke mapema." Wakaitikia mmoja mmoja. Sawa. Sawa. Haya. Mpemba hakuuliza mwezi ngapi. Nilipaswa kushtukia hapo.

Tuliingia saa kumi na mbili na robo, giza linaachia. Kila mmoja wetu huwa anavuta dumu la mafuta ya kula la lita tano, tupu, limezibwa vizuri, limefungwa kiunoni kwa kamba ya mita mbili. Linaonekana kwa mbali na ukichoka unalikumbatia. Siku hiyo langu nililiacha mchangani kwa sababu linanipunguzia kasi. Saa moja kasoro wenzangu wakaanza kutoka. Konda, ambaye siku hizo alikuwa ameshajifunza lakini bado anatoka wa kwanza, akaanza hesabu yake. Mimi nikaona jua limetoka upande wa bahari, maji yamekuwa kama shaba, nikasema moyoni: kidogo tu.

Ninachokumbuka vizuri ni kibanda. Pale ufukweni kulikuwa na kibanda cha muhogo chenye bati limepakwa rangi ya bluu, nami hukitumia kama alama. Nilipogeuka kurudi kilikuwa mbele yangu. Nikapiga mikono ishirini, nikainua kichwa. Kibanda kimesogea kushoto, na kimekuwa kidogo. Nikadhani nimekosea kibanda. Nikapiga mikono thelathini, sasa kwa nguvu. Nilipoinua kichwa niliweza kulifunika bati lote kwa kidole gumba.

Maji yalikuwa yanavuta. Yanapopwa kwa kasi ile hutafuta njia kati ya miamba, na pale yanapopatia mlango hutoka kama watu wa mwendokasi wa saa kumi na moja jioni, nawe ukiwa mlangoni huna la kuamua. Haikuwa na mawimbi makubwa, na hilo ndilo linalodanganya. Sehemu inayovuta mara nyingi huwa ndiyo tulivu. Pumzi ikaanza kunitoroka. Ile ile ya Portobello, kifua kimejifunga, navuta juu ya kuvuta, ila maji haya yalikuwa ya nyuzi 25. Kumbe mwili una mlango mmoja tu wa kuingilia hofu, baridi inapitia hapo, na kiwewe kinapitia hapo hapo.

Ndipo nikasikia, au nilidhani nimesikia, "Chali!" Nikalala chali. Shingo ikakataa kwanza, ikataka kuinuka ione. Nikapuliza kama ninayepuliza chai. Masikio yakaingia majini na dunia ikanyamaza, nikabaki na mbingu iliyokuwa ya rangi ya waridi na sauti ya moyo wangu mwenyewe. Nilikuwa naenda nje, nalijua hilo, na sikufanya chochote. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu.

Kama baada ya dakika tatu au saba, sijui, mwendo ukalegea. Nje ya miamba ule mvuto huchoka. Nikainua kichwa nikaona dumu la njano linakuja, na nyuma yake kichwa cha Mpemba. Hakunikaribia. Alisimama mita tano hivi akanisukumia dumu, maana mtu anayezama humzamisha anayemwokoa, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tunaongea barazani: "Usishindane nayo. Twende pembeni kwanza." Tukaogelea sambamba na ufukwe, kuelekea kaskazini, mpaka pale maji yalipokuwa hayavuti, kisha ndiyo tukageukia nchi kavu. Tulitokea juu ya miamba, mahali pabaya. Nikakanyaga wale wadudu weusi wa miiba, mguu wa kulia, miiba kumi na minne. Bibi Harusi aliihesabu baadaye na kuipaka utomvu wa papai bichi aliloliomba kwa mlinzi wa nyumba moja ya pale barabarani.

Konda alikuja mbio juu ya miamba pekupeku. Akanigusa bega. Alitaka kusema sita na sauti haikutoka. Akanigusa tena. "Sita."

Nilielezwa baadaye ilivyokuwa. Alipohesabu akapata tano, hakusubiri. Wenzetu walimwambia, ah, yule anajua kuogelea, yule katoka kwenye barafu. Konda akawajibu kwamba yeye hakuulizwa nani anajua, yeye ana tano. Akaanza kupiga kelele hata kabla hajaniona nilipo. Kelele yake ndiyo iliyomrudisha Mpemba majini. Daladala, alituambia siku nyingine, haiondoki kwa sababu abiria fulani ni hodari.

Siku hiyo hakuna aliyenigombeza. Shangazi alinifunga kanga yake, akanipa chai ya tangawizi, tukakaa. Kugombezwa kulikuja niliporudi kutoka Dodoma, barazani kwake, na hakukuwa kama nilivyotarajia. Nilianza kuomba radhi. Shangazi akanikatiza.

"Mimi siku ile maji yaliponifika magotini tu nilisikia yanavuta," akasema. "Nikataka kurudi. Nikaona aibu. Nikasema hawa vijana wataona mama kazeeka."

Kimya. Kisha Mpemba, akiangalia kikombe chake: "Mimi nilijua toka usiku. Mwezi kumi na nne. Nikasema nikikataa, Risiti atasema nimeogopa baridi."

Mwalimu akasema tumbo lake lilikataa tangu yuko kwenye bajaji. Bibi Harusi akasema yeye hakupenda rangi ya maji. Konda alikuwa hana neno, yeye anahesabu tu. Basi watu wanne kati ya sita walikuwa na "hapana" mdomoni asubuhi ile, kila mmoja kaimeza kwa kumwonea mwingine haya, na wa tano alikuwa mimi, niliyekuwa napiga domo kwa nguvu kiasi kwamba hapana ya mtu isingesikika.

Nimelifikiria jambo hilo kuliko ninavyofikiria ule mkondo. Sisi tuna adabu ya kutokataa. Umealikwa, unakwenda; umeletewa chakula, unaonja; mkubwa amesema twende, unavaa viatu. Ni adabu nzuri na nimelelewa nayo. Lakini bahari haijui kwamba umekubali kwa heshima.

Siku hiyo tulikubaliana kwamba mtu yeyote, wakati wowote, hata maji yakiwa shingoni, akisema "leo hapana," haulizwi kwa nini. Si siku hiyo wala siku nyingine. Hatafutiwi dawa, hataniwi na mtu. Na kama anayesema ni Mpemba au Shangazi, tunatoka wote. Maandishi hatuna. Tuna mambo mengine tunayoyafuata, madogo: dumu ni lazima. Mvua kubwa ikinyesha tunakaa siku kadhaa bila kuoga, kwa sababu Msimbazi unamwaga uchafu wa mji mzima pale daraja la Selander na maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kaskazi likianza na yavuyavu, wale viumbe wa ute wanaowasha, wakija kwa wingi, tunavaa mikono mirefu na taitsi. Shangazi anasema yeye amevaa hivyo siku zote na sasa tumemfuata. Nusu saa inatosha, dakika arobaini kwa ukaidi. Hata maji ya nyuzi 26 ni baridi kwa mwili wa nyuzi 37, na maji hunyang'anya joto kwa kasi kuliko hewa, kama mara ishirini na tano. Nimemwona Bibi Harusi akitetemeka Machi, bahari ikiwa kwenye nyuzi 29, kwa sababu tulipiga soga majini saa nzima.

Lakini hilo la hapana ndilo lililotubadilisha. Mwanzoni lilikuwa gumu kulisikia. Mwalimu alilisema asubuhi moja ya Desemba ambayo bahari ilikuwa kama sinia, hakuna upepo, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya miti. Tulishuka bila yeye, tukaogelea vizuri sana, hakukutokea chochote. Nilimwangalia tulipotoka, nikitafuta kama anajiona mjinga. Alikuwa anakula muhogo. Bibi Harusi alilisema wiki tatu mfululizo, na sisi tukaendelea kumwachia funguo na simu zetu mchangani. Miezi saba baadaye tukaenda kula ubwabwa wa arobaini ya mtoto wake wa pili. Mimi mwenyewe nililisema Juni, siku niliyopata habari mbaya ya nyumbani. Nilikuwa nimeshavua viatu. Nikavivaa. Mpemba akanipa tu dumu lake nilikalie.

Siku za Idd hatuogelei, tunakwenda jioni na madumu kumi na mawili. Coco inajaa watu wa kila mtaa, vijana wamevaa nguo mpya, na wengi wanaingia majini na jinzi. Kuwazuia haiwezekani. Konda anasimama pale palipo na mlango wa maji, anapiga kelele zake za kituoni, "Rudi ndani, rudi ndani, huku hakuna nafasi!", na vijana wanacheka na wanarudi. Mpemba anachukua wawili watatu, maji ya kiunoni, mkono chini ya mgongo. "Achia shingo. Achia. Nimekushika." Idd iliyopita kijana mmoja wa Tandale, miaka kama kumi na sita, alielea kwa mara ya kwanza, akafungua macho, akakaa vile akiangalia juu mpaka wenzake wakaanza kumwita kwamba gari linaondoka.

Jumanne hii tulishuka. Mwezi kumi na nane, kusi linavuma la kawaida, kibanda chenye bati la bluu hakipo tena lakini mahali pake napajua. Shangazi aliingia hadi magotini akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuta dera lake juu.

"Leo hapana, wanangu. Shukeni nyie."

Tulimwangalia Mpemba. Akamuuliza kwa macho kama ni maji au ni yeye, na Shangazi akajigusa kifuani kidogo: ni yeye tu. Basi tukashuka. Akakaa juu ya kanga, simu zetu na funguo zimefungwa kwenye pindo, anatuangalia. Saa moja kasoro Konda akatoka wa kwanza kama kawaida, akasimama kwenye povu. Mpemba, moja. Mwalimu, mbili. Bibi Harusi, tatu. Bega langu, "Nne." Akajigusa mwenyewe kifuani, "Tano." Halafu akapanda mchangani, maji yakimchuruzika, hadi pale alipokaa Shangazi, akainama, akamgusa bega.

"Sita."